Baada ya Orodha Kusomwa

Shule ya mwisho ilijulikana kabla haijatajwa. Siku ya elimu, afisa alisoma orodha ya matokeo ya KCPE, mtihani wa taifa wa darasa la nane, kutoka juu kwenda chini, na walimu wakuu waliokaa chini ya mahema walihesabu kimoyomoyo shule zilizobaki. Zilipobaki tano au sita, mazungumzo yalikatika. Waliotangulia walipewa vikombe, na miaka mingine wakaongezewa mbuzi. Waliofunga mkia waliambiwa wasimame wote wawaone, na hapo ndipo hotuba ilipoanza: shule ya jirani imewezaje? Walimu wao si wanalipwa na serikali kama nyinyi? Vitabu vyao si hivihivi? Muhula wao una siku zaidi ya zenu?

Nimekaa chini ya mahema hayo Voi, Mwatate na Wundanyi, kwanza nikiwa mwalimu wa hisabati, baadaye mshauri wa walimu katika kituo cha kanda. Ninaamini mpaka leo kwamba swali la kwanza katika hotuba ile lilikuwa zuri kuliko yote tuliyowahi kuulizwa. Shule ya jirani imewezaje? Lilikuwa swali la kweli, lenye jibu, na jibu lenyewe lilikuwa umbali wa kilomita chache. Lakini liliulizwa kama karipio. Mwalimu mkuu aliyesimamishwa alijibu kwamba tutatia bidii, akaketi, watu wakala pilau, na mkutano ukafungwa bila mtu yeyote kwenda kwa jirani kutazama.

Kazi ya ushauri ni kuzunguka shule kwa pikipiki, kukaa nyuma ya darasa na kuandika. Ukiwa pale nyuma unaona mambo ambayo orodha haiyaoni. Shule mbili zinazofuatana kwenye karatasi zaweza kuwa hazifanani kwa lolote, na shule mbili zilizoachana mno zaweza kuwa na walimu wanaokwama mahali pamoja.

Taita Taveta yenyewe ni nchi kadhaa ndani ya kaunti moja. Hifadhi za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi yake, na watu wamebanana katika sehemu zilizosalia: vilima vyenye ukungu na vishamba vya ngazi, mashamba makubwa ya mkonge ya Voi na Mwatate, na nyika kavu inayoanzia Maungu kuelekea Kasigau. Wamisheni wa Kianglikana wa CMS walifika Sagalla mwaka 1883, na shule za misheni zikaenea milimani mapema, hata leo kuna nyumba huko ambazo bibi na babu wote walisoma na wanamkagulia mjukuu daftari. Kwenye kambi za mkonge, familia huhama kibarua kinapokwisha, kwa hiyo darasa la nane linalofanya mtihani si watoto walewale waliokuwa darasa la nne. Na katika nyika ya chini kuna miezi ambayo mtoto hawezi kutoka nyumbani alfajiri kwa sababu ndovu bado wako njiani. Mwalimu huanza kipindi cha kwanza na nusu ya darasa, wengine wakiingia mmoja mmoja mpaka saa tatu. Ukiziweka shule hizi zote kwenye orodha moja ya wastani unakuwa umepima mvua, ndovu, mkonge na mwalimu kwa mpigo mmoja, kisha deni lote unamdai mwalimu.

Tena kuna hesabu yenyewe, ambayo mtu wa hisabati hawezi kuipita. Chukua shule ya nyikani yenye watahiniwa 15 na wastani wa alama 220 kati ya 500. Badala ya mmoja aliyetarajiwa kupata 220, akatokea mtoto mwenye kipaji akapata 415. Wastani wa shule umepanda alama 13 nzima. Mpeleke mtoto huyohuyo katika shule ya mjini yenye watahiniwa 130, naye ataupandisha wastani kwa alama moja na nusu tu. Ndiyo sababu shule ndogo zilijazana kileleni na mkiani mwa orodha zetu, na ndiyo sababu mwalimu mkuu aliyebebwa juujuu mwaka huu aliweza kusimamishwa mwaka ujao bila kubadilisha hata ratiba. Nilipoanza kuweka daftari la wastani wa miaka mitatu mitatu, shule nyingi zilizokuwa zikiruka na kuanguka zikatulia mahali pamoja. Zilizobaki chini hata baada ya hapo ndizo zilizokuwa na shida ya kweli, na zilikuwa chache kiasi kwamba mshauri mmoja angeweza kuzitembelea zote na kukaa siku nzima katika kila moja.

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza alikuwa na kabati la chuma, na ndani yake majarida machache ya CPE, mtihani uliotangulia KCPE, yamefungwa pamoja kwa uzi wa katani. Sikuyajali sana siku aliponionyesha. Baadaye ndipo nilipojua yalitoka wapi. Katikati ya miaka ya 1970, kitengo cha utafiti wa mitihani katika Wizara ya Elimu kiliongozwa na Anthony Somerset, aliyeona kwamba mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa ukipima zaidi kukariri, na kwamba mwalimu wa mashambani hakuwa na njia yoyote ya kujua wanafunzi wake walikosea wapi. Maswali yakabadilishwa. Shule zikaanza kupelekewa taarifa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya nafasi, wilaya kwa wilaya na shule kwa shule. Ya pili ilikuwa jarida lililochambua swali kwa swali: wengi walichagua jibu lipi lisilo sahihi, walikuwa wakiwaza nini walipolichagua, na mwalimu afanye nini darasani ili kizazi kijacho kisinaswe palepale. Somerset aliandika baadaye kwamba mwanzoni tofauti kati ya wilaya zilipanuka, kwa kuwa waliokuwa na nguvu waliwahi kuyatumia mafunzo hayo, kisha wilaya nyingi zilizokuwa nyuma zikaanza kusogea.

"Orodha hukasirisha watu, mwalimu," mzee yule aliniambia. "Hii karatasi ndiyo iliyowapa kazi ya kufanya."

Tulirithi nusu ya mpango ule. Baraza la mitihani liliendelea kutoa ripoti za namna watahiniwa walivyojibu, na ni ripoti nzuri, lakini orodha ndiyo iliyoingia magazetini na redioni. Nimeingia katika shule ambazo nafasi yao ilijulikana hata na makondakta pale steji ya Voi, ilhali ripoti ya baraza haijafunguliwa, bado ina mikunjo ya bahasha.

Ndiyo maana mwaka mmoja, katika kanda yetu, tuliamua kusahihisha moki ya darasa la nane kwa namna nyingine. Karatasi ya hisabati ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua kati ya A, B, C na D. Kwa kawaida unaweka kiolezo chenye matundu juu ya karatasi ya majibu, unahesabu, unaandika alama, unachukua nyingine. Safari hii walimu wa shule moja walisahihisha karatasi za shule nyingine, na kwa kila swali walijaza jedwali kwenye karatasi kubwa ya manila: wangapi wamechagua A, wangapi B, wangapi C, wangapi D. Kazi ilichosha. Kuna walionung'unika kwamba tunapoteza wikendi kwa kuhesabu makosa, na sikuwalaumu, maana malipo hayakuwapo zaidi ya chai na mandazi.

Jumapili jioni tukazilaza manila mbili sakafuni, bega kwa bega. Moja ilikuwa ya shule kubwa ya mjini, iliyozoea kuongoza. Ya pili ilikuwa ya shule ya nyikani iliyozoea kusimamishwa. Tulikuwa tunategemea kuona ya pili imeshindwa kila mahali. Haikuwa hivyo. Katika maswali ya hesabu tupu, yaani kujumlisha sehemu, kugawanya, desimali, shule hizo mbili zilikuwa sawasawa, na kwenye mgawanyo mrefu wale wa nyikani walitangulia kidogo. Tofauti yote ilikuwa katika maswali ya maneno. Hapo shule ya nyikani ilianguka kama jabali.

Swali moja silisahau. Shamba la mstatili lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 25. Mkulima anazungushia ua, nguzo zikiachana mita 5. Anahitaji nguzo ngapi? Mzingo ni mita 130, ukigawanya kwa 5 unapata nguzo 26. Katika shule ile wengi walichagua 1,000. Walimu walitazamana, kisha mmoja akasema walichofanya: wameona 40 na 25, wakazizidisha. Sentensi ya Kiingereza iliyozunguka namba zile hawakuisoma, au waliisoma isiwaambie kitu. Na ua wanaujua sana watoto hawa. Huko Sagalla ya chini, watafiti wa Save the Elephants walianza mwaka 2009 kushirikiana na wakulima kuzungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kukueleza mizinga inaachana vipi na waya unafungwa wapi. Ulipomuuliza swali lilelile kwa Kiswahili, kwa mkono ukionyesha shamba la baba yake, alikupa jibu.

Mwalimu wa hisabati wa shule ile alikuwa pale, ameinama juu ya manila. Alikuwa amepanga kuanzisha tuisheni ya alfajiri ili watoto wafanye mahesabu zaidi. Alikuwa tayari kuamka saa kumi usiku kila siku, kwa hiari yake, kufundisha kitu ambacho watoto wake walikwisha kukijua.

Hilo ndilo jambo ninalotaka watu wa elimu walitazame kwa makini. Orodha ilikuwa imemwambia mwalimu huyu ukweli mara nyingi: shule yako iko nyuma. Ukweli huo ulimtuma kwenye bidii isiyo na shabaha. Manila zilimwambia shule yake iko nyuma katika kitu gani, na mara moja kazi ikahama kutoka kwake peke yake kwenda kwa mwalimu wa Kiingereza, kisha kwa walimu wa darasa la tatu na la nne, mahali mtoto anapojifunza kusoma sentensi na kuuliza inasema nini.

Swali lililofuata lilikuwa: aende kujifunza wapi? Mwalimu mkuu wake alipendekeza ile shule ya mjini iliyoongoza. Nilipinga. Nilikwisha kuwapeleka walimu wa nyikani katika shule kubwa, nikaona wanavyorudi. Wanakuta umeme, maktaba, wazazi wanaolipia mitihani ya ziada kila wiki mbili, na walimu wanne wa hisabati wanaosaidiana. Wanarudi na sababu za kutoweza, na zote ni za kweli. Tulitafuta katika manila zetu shule inayofanana na yao: upande wa Kasigau, kavu vilevile, watahiniwa chini ya 25, walimu pungufu, maji ya kununua. Kwenye maswali ya maneno shule hiyo ilikuwa imefanya vizuri kupita hata baadhi ya shule za mjini, ingawa wastani wake wa jumla ulikuwa wa katikati tu na hakuna aliyewahi kuipa kikombe.

Tulienda walimu watatu. Tukakaa nyuma ya darasa la nne. Mwalimu aliandika swali ubaoni, kisha akakataza mtu yeyote kushika kalamu. Mtoto mmoja akalisoma kwa sauti kwa Kiingereza. Wa pili akalieleza kwa Kiswahili bila kutazama ubao. Wa tatu akachora. Wengine wakabishana kama mchoro umesema kitu kilekile. Namba ziliguswa mwisho kabisa. Baadaye watoto walitunga maswali yao wenyewe: bei ya mtungi wa lita 20, punda anayebeba mitungi minne, safari ngapi mpaka tangi lijae. Tukamuuliza mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyeishi palepale shuleni, imekuwaje darasa la nne limefika hapo. Alituambia kwamba mwalimu aliyemwamini kuliko wote alimpanga darasa la tatu. Shule nyingine zote nilizozijua zilimpanga mwalimu bora darasa la nane, kwa sababu darasa la nane ndilo lililosomwa chini ya hema.

Njiani kurudi, mwenzetu wa hisabati aliniambia, "Madam, haya hatuhitaji kumngoja mtu atuletee. Tunaanza Jumatatu." Wakaanza. Katika moki zilizofuata maswali ya maneno yalisogea, kwa kiasi ambacho ungekiona kwenye manila, ila usingekiona kwenye orodha. Nafasi ya shule ilipanda hatua chache, mwaka uliofuata ikashuka tena, kama zinavyofanya shule zenye watahiniwa wachache. Mabadiliko makubwa yalikuwa ya wale waliokuwa darasa la tatu na la nne wakati ule, na hao hawakuwa na mtihani wa taifa mbele yao kwa miaka kadhaa. Ungekuwa afisa unayesubiri matokeo ya Desemba, ungesema safari yetu haikuzaa kitu.

Upande wa pili wa orodha nao nimeuona, na unaniuma. Shule ikibanwa ipandishe wastani bila kuonyeshwa namna ya kufundisha vizuri zaidi, iko njia ya mkato, nayo ni kuchagua watoto. Mtoto dhaifu anarudishwa darasa la saba, mara ya pili, hata ya tatu. Mwingine anasajiliwa katika kituo kingine cha mtihani ili alama zake zisihesabiwe na za wenzake. Mama mmoja muuza nyanya katika soko la Voi alinijia na binti yake amemshika mkono. "Mwalimu, wameniambia huyu ataharibu wastani wa shule. Sasa nimpeleke wapi?" Binti alikuwa akisikia kila neno. Baada ya elimu ya msingi kuwa bila malipo Januari 2003, madarasa ya serikali yalipofurika, mambo haya yalizidi, maana kila akademia iliyochipuka kando ya barabara kuu ilijitangaza kwa wastani wake, na wastani ni rahisi kuupandisha ukiwa unachagua nani aingie.

Kwa hiyo Novemba 2014, Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipofuta upangaji wa shule na watahiniwa kwa nafasi, nilielewa kilichomsukuma. Miaka miwili baadaye tukapata sababu nyingine ya kuzitilia shaka orodha za zamani. Waziri aliyemfuata, Fred Matiang'i, alipoziba mianya ya wizi wa mitihani, watahiniwa waliopata A katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, walishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Sehemu ya kile tulichokuwa tukikilinganisha nchi nzima, na tukakitolea vikombe, haikuwa elimu.

Ndugu zetu wa Tanzania wamepita njia hiyohiyo. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, uliitangaza nafasi ya kila shule ya msingi kitaifa na ndani ya wilaya yake. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipofuatilia, waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliinua alama kweli. Lakini katika shule hizohizo idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani ilipungua. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka yule mama wa nyanya. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania nalo likaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora.

Pamoja na hayo yote, siwezi kuungana na wanaosema matokeo ya shule yafungiwe kabatini. Wales ilifuta majedwali ya shule mwaka 2001, England ya jirani ikayaendeleza. Mfumo wa shule ulikuwa karibu mmoja, tofauti kubwa ikawa hiyo. Simon Burgess na wenzake wa Bristol waliporudi kupima, walikuta shule za Wales zimeshuka zikilinganishwa na wenzao, isipokuwa zile za robo ya juu. Walioumia walikuwa watoto wa shule zilizo nyuma, wengi wao wa nyumba maskini. Hilo linanihusu moja kwa moja. Giza likiingia, shule za milimani zenye wazazi waliosoma zitaendelea kudai na kuuliza. Shule ya kambi ya mkonge haina mzazi atakayekwenda ofisini kuuliza kwa nini mtoto wa darasa la sita hasomi.

Ninachodai ni ulinganisho wa haki zaidi, na wa mapema zaidi. Wa haki zaidi, maana yake shule ihesabiwe kwa hatua aliyosogea mtoto. Kadi ya kliniki hufanya hivyo: muuguzi hamkaripii mama kwa kuwa mtoto wa jirani ni mzito, huangalia uzito wa mwezi uliopita na mstari unaelekea wapi. Katika kaunti yetu shule za bweni zenye majina, Dr. Aggrey ya Wundanyi, Kenyatta ya Mwatate, Bura Girls, Murray Girls, zimekuwa zikipokea watoto wenye alama za juu, na shule za kutwa zikipokea waliobaki. Kuzilinganisha kwa KCSE pekee ni kumtuza mtu kwa mahali alipoanzia. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichunguza shule za kitaifa za Kenya kwa kuwafuata wanafunzi walioponea chupuchupu kuingia na waliokosa kwa alama chache, na tofauti yao katika KCSE ilikuwa ndogo mno, karibu na kutokuwapo. Sifa nyingi tulizozipa shule zile zilikuwa za watoto waliofika pale tayari wanaweza. Nilipoziweka alama za KCPE za kuingilia kando ya KCSE ya miaka minne baadaye, kuna shule za kutwa za nyikani zilizopanda juu kabisa ya daftari langu, na walimu wao hawakuwa wamewahi kuitwa mbele kwa jambo jema.

Wa mapema zaidi, kwa sababu mtihani wa darasa la nane ulimkuta mtoto amekwisha kupotea miaka mitano. Watafiti wa Uwezo, waliofanya tathmini yao ya kwanza mwaka 2009, walikwenda nyumbani badala ya shuleni, wakampima kila mtoto waliyemkuta, hata aliyerudishwa, hata aliyefichwa, hata asiyesoma kabisa. Walichotuonyesha kilitutikisa: ni watoto watatu hivi kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili. Mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome ulipoingia mwaka 2015, kila mtoto wa madarasa ya chini akapata kitabu chake mwenyewe, nasi washauri tukapewa tableti. Nikikaa nyuma ya darasa nilichagua watoto watatu, nikawasikiliza wakisoma kwa dakika moja, nikaingiza hesabu. Kwa mara ya kwanza niliweza kulinganisha shule ya Mbololo na ya Marungu kwa kitu kilichokuwa kikitendeka wiki ileile, mtoto akiwa na miaka saba, na mwalimu akiwa na muda wa kurekebisha.

Sasa KCPE imekwisha, ya mwisho ilifanywa 2023. Tuna KPSEA ya Gredi ya 6, na mwaka 2025 ikafanywa KJSEA ya kwanza ya Gredi ya 9. Serikali haisomi tena orodha. Orodha zinasomwa na watu wengine: kwenye mabango ya pongezi kando ya barabara ya Mombasa, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, kwenye mimbari. Ni zilezile za wastani mtupu, na safari hii hakuna hata afisa wa kuulizwa zimetoka wapi.

Nimekuwa nikizungumza na walimu vijana wa shule za sekondari ya chini katika kaunti ndogo ya Voi juu ya kurudisha zoezi la manila. Ninawaombea karatasi yenye mambo machache: matokeo ya miaka mitatu pamoja, mahali mtoto alipoanzia, idadi ya walioandikishwa Gredi ya 1 kando ya waliofika mtihani, na uchambuzi wa swali kwa swali. Chini yake liwe jina la shule moja inayofanana na yako katika shida na inayokushinda katika jambo moja. Ofisi iipeleke karatasi hiyo kwa shule husika na bodi yake ya wazazi, na nauli ya walimu wawili iwe ndani ya bahasha ileile. Kutoka Voi hadi Maungu kuna matatu muda wote. Kutoka Maungu kuingia Rukanga na Makwasinyi gari ni chache na bodaboda ni ghali. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya mpango mzima, na fedha za basari zinazotolewa kila mwaka katika kaunti hii zinaizidi mbali. Vijana wamekubali kuanza na shule za ukanda wa chini, kwa hisabati na Kiingereza, baada ya mitihani ya muhula wa pili.